NYUMBA KAMA SHAHIDI: TAHARUKI YA NYUMBANI KATIKA FILAMU ZA 1940–1992

1. Utangulizi

Filamu za taharuki ya nyumbani ni zile ambazo hatari yake huzaliwa na kulelewa chini ya paa lile lile analolala mhusika mkuu. Anayeogopwa huwa ni mume, mjomba, baba wa kambo, jirani au yaya. Na vyombo vya kutishia huwa ni taa, ufunguo, simu, ngazi na bilauri ya maziwa. Filamu za namna hii zilisitawi Uingereza na Marekani katika miaka ya 1940, zikachukua sura nyingine katika miaka ya 1960, na zikavuma tena baina ya 1987 na 1992. Kadha wa kadha zingali zinatazamwa hadi leo, na wapo wanaozirudia hali wakijua fika mwisho wake.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalozua swali. Ikiwa utamu wa filamu hizi umo katika fumbo, mbona haushi fumbo likisha kuteguliwa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha filamu hizi kimo katika ushahidi: nani anayajua yanayotendeka ndani ya nyumba, nani anayasema, na nani anasadikiwa akiyasema. Itachambuliwa kwanza filamu ya Gaslight ya mwaka 1944, kisha zitaangaliwa nyingine chache za kabla na za baada yake. Mwishoni hoja itaelekezwa kwenye lugha, kwa kuwa jina la hadithi hiyo liliishia kuwa kitenzi cha Kiingereza kinachotumiwa leo na waganga wa akili, na Kiswahili kingali kinatafuta neno lake.

2. Taharuki na upelelezi

Neno taharuki, ambalo katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili limekubalika kuwa istilahi ya ile hali ya msomaji kushikwa na hamu na wasiwasi juu ya yatakayofuata, lina asili ya Kiarabu. Mzizi wake ni ule ule uliotupa haraka na harakati, na maana yake ya msingi ni mwendo. Katika Kiswahili cha kawaida mtu aliyetaharuki ni mtu aliyefadhaika, ambaye moyo wake umo mbioni ijapokuwa mwili wake umetulia. Ni shida kupata neno linalomfaa zaidi mtazamaji wa filamu: ameketi gizani, hawezi kupiga kelele wala kumwonya mtu, na moyo unakwenda mbio.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano uliopata kuwa mashuhuri, katika mazungumzo aliyofanya na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962, ambayo yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1966. Watu wawili wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Chini ya meza pana bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa muda wa sekunde 15. Lakini akiwa ameliona bomu likitegwa, na akajua saa ya kulipuka, mazungumzo yale yale ya kipuuzi yatamtia katika taharuki ya dakika 15. Kwa maneno mengine, mshtuko hutokana na kutojua, na taharuki hutokana na kujua jambo ambalo mwenzio halijui.

Hapa ndipo filamu hizi zinapoachana na hadithi ya upelelezi, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliizoea mapema kupitia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla na Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla. Katika upelelezi uovu huwa umekwisha kutendeka, na mwenye akili kali hutoka nje na kuja kuukusanya ushahidi. Bwana Msa huwasili na kiko chake, huuliza, husikiliza, na kwa kuwa ni Bwana Msa, akisema huaminiwa. Katika taharuki ya nyumbani uovu ungali unatendeka, na mwenye ushahidi ni yule anayetendewa. Yeye hana cheo cha kumfanya asikilizwe, na mara nyingi mtu wa kwanza kumkanusha ni yule anayekula naye sahani moja. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inaeleza nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba anayelalamika kuwa analiwa hutazamwa nguo, na nguo huonekana safi.

3. Gaslight: hila na ushahidi

Chanzo cha Gaslight ni tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton, Gas Light, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1938. Matukio yake yote hupita katika sebule moja ya London ya enzi ya Malkia Victoria. Ilipopelekwa New York mwaka 1941 iliitwa Angel Street. Filamu ya kwanza ilitengenezwa Uingereza mwaka 1940 na Thorold Dickinson, na ya pili Marekani mwaka 1944 na George Cukor kwa ajili ya studio ya MGM. Katika hii ya pili Ingrid Bergman aliigiza mke, Paula, naye Charles Boyer akaigiza mume, Gregory. Bergman alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na kijana Angela Lansbury, aliyeigiza mtumishi Nancy, alikuwa katika filamu yake ya kwanza.

Kisa chenyewe si kigumu. Shangazi wa Paula, mwimbaji maarufu, aliuawa nyumbani kwake London, na vito vyake havikupatikana. Baada ya miaka, Paula anaolewa na Gregory, mpiga piano, ambaye anamshawishi warudi kuishi katika nyumba ile ile aliyorithi. Gregory ndiye mwuaji. Kila jioni huaga kwamba anakwenda kufanya kazi, kumbe hupitia nyumba tupu iliyo karibu, hupita juu ya paa, na kuingia katika chumba cha darini kilichozibwa ili apekue mali ya marehemu. Ili mkewe asiwe na neno la kusema, anamfanya aamini kwamba akili yake inaharibika. Anampa bizimu ya kifuani, kisha bizimu inapotea mkobani. Picha inatoweka ukutani, na Paula anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyeificha. Saa ya mfukoni inapotea na kupatikana katika mkoba wake mbele ya wageni, akaangua kilio, akatolewa ukumbini kama mgonjwa.

Yafaa kuangalia jinsi filamu inavyougawa ujuzi. Mapema kabisa Paula anaona barua katika vitabu vya nyimbo vya shangazi yake, iliyoandikwa na mtu aitwaye Sergis Bauer. Anaisoma kwa sauti, na Gregory anamnyang'anya kwa hasira isiyolingana na jambo lenyewe. Baadaye sana anamwambia kwamba barua hiyo haikuwapo kamwe, kwamba siku ile alikuwa ameikodolea macho mikono mitupu. Paula, aliyekwisha kuchoka, anakaribia kukubali. Lakini mtazamaji ameiona barua, amesikia ikisomwa, na amelishika jina la mwandishi wake. Kuanzia hapo yeye ni shahidi, na ushahidi wake hauna pa kwenda. Hilo ndilo bomu la Hitchcock chini ya meza, ila bomu hili limetengenezwa kwa maneno: kila mara Gregory anaposema kwa upole kwamba mkewe ni msahaulifu, mtazamaji anajua kwamba uongo unatendeka mbele ya macho yake.

Taa nazo zina kazi yake. Katika nyumba yenye taa za gesi, mwali mmoja ukiwashwa, gesi inayokwenda kwenye miali mingine hupungua, nao hufifia. Gregory akiwasha taa darini, taa ya chumbani kwa Paula hupungua nuru. Paula anaona, na anasikia nyayo juu ya kichwa chake. Anauliza kama pana mtu mwingine aliyewasha gesi nyumbani, anajibiwa hapana. Na mpishi Elizabeth, ambaye masikio yake ni mazito, hasikii nyayo. Kwa hiyo jambo la kimaumbile, ambalo mtoto wa shule angeweza kulieleza, linageuka dalili ya wazimu kwa sababu tu aliyeliona yuko peke yake.

Wokovu hauji kwa bunduki. Askari wa upelelezi aitwaye Cameron anaingia chumbani, anaketi na Paula, na taa inafifia. Naye anaiona, na nyayo anazisikia. Sentensi moja ya kukiri kwamba ameona alichokiona Paula ndiyo inayoirudisha akili ya mwanamke huyu mahali pake. Lakini filamu haiishii kwenye wepesi huo. Baada ya Cameron kutoka, Gregory anakuta dawati lake limevunjwa, anauliza nani alikuja, na Elizabeth, kwa kudhani anamkinga bibi yake, anajibu kwamba hakuona mtu. Kwa neno hilo la huruma Paula anarudi shimoni: basi hata yule bwana alikuwa ndoto. Hapa mtunzi ametoboa jambo ambalo wengi hulipita. Shahidi wa kweli anayenyamaza kwa nia njema huweza kuumiza kama mwongo mwenye nia mbaya.

Mwishoni Gregory amefungwa kitini, naye anamwomba mkewe amkatie kamba kwa kisu. Paula anamjibu kwa kutumia lile jina alilobandikwa: yeye si mwendawazimu? Mwendawazimu atamsaidiaje mtu? Kama angekuwa na akili timamu angemwokoa. Ni kinaya kikali, na nguvu yake yote ni ya kilugha. Neno lililotumika kumnyima ushahidi sasa analishika mwenyewe kama silaha. Vile vito, kwa upande mwingine, vilikuwa vimeshonwa kwenye vazi la jukwaani la marehemu, vikionekana na kila mtu bila kutambuliwa. Mwuaji aliyewafundisha wengine kutoyaamini macho yao alivitafuta usiku baada ya usiku, na vilikuwa nguoni.

4. Vyombo vya nyumbani kama lugha

Ikiwa neno la mwenye nyumba halisadikiwi, basi vyombo hubebeshwa mzigo wa kusema. Mfano ulio maarufu kupita yote ni bilauri ya maziwa katika Suspicion (1941) ya Hitchcock. Lina, aliyeigizwa na Joan Fontaine, anamshuku mumewe Johnnie, aliyeigizwa na Cary Grant, kwamba anataka kumwua. Usiku mume anapanda ngazi akimletea maziwa. Hitchcock alitia taa ndogo ndani ya bilauri ili maziwa yang'ae gizani, na jicho la mtazamaji halina pengine pa kwenda. Kinywaji cha mtoto na cha mgonjwa, ishara ya kutunzwa, kinapanda ngazi kama hukumu.

Riwaya iliyoizaa filamu hiyo, Before the Fact ya Francis Iles (1932), humalizika kwa mke kuyanywa maziwa yale akijua yana sumu. Filamu iligeuza mwisho: Johnnie ni mbadhirifu na mwongo, ila si mwuaji, na hofu ya Lina ilikuwa dhana tupu. Hitchcock alidai baadaye kwamba studio haikukubali mwigizaji aliyependwa kama Grant awe mwuaji. Vyovyote iwavyo, matokeo yake ni mazito kwa hoja ya makala haya. Kwa dakika chache za mwisho, ushahidi wote wa mke unafutwa kwa maelezo ya mume, na mtazamaji anatakiwa aridhike. Wengi hawaridhiki, maana wameiona bilauri ikipanda.

Katika Dial M for Murder (1954), iliyotokana na tamthilia ya Frederick Knott, chombo ni ufunguo uliofichwa chini ya zulia la ngazi. Mume amemkodi mtu amwue mkewe, Margot. Mke anajitetea na kumwua mvamizi kwa mkasi. Na mume anaugeuza ushahidi hata mke anahukumiwa kunyongwa. Margot akisema, maneno yake yanamzamisha. Kinachomwokoa ni ufunguo: ule uliokutwa mkobani mwake haufungui mlango wake, na ni mume peke yake ajuaye ufunguo wa kweli uliko. Akiinama tu kuuchukua, amekwisha kukiri.

Knott huyu ndiye aliyeandika pia Wait Until Dark, tamthilia ya 1966 iliyofanywa filamu mwaka 1967, Audrey Hepburn akiwa Susy, mwanamke kipofu aliyezingirwa nyumbani kwake na majambazi watatu. Susy anawatambua waongo kwa mlio wa viatu vyao, kisha anavunja taa zote ili giza liwe sawa kwa wote. Amesahau moja tu: taa iliyo ndani ya jokofu. Jambazi anaufungua mlango wake, na mwanga unafurika jikoni. Kifaa ambacho kila mwenye nyumba hukifungua mara nyingi kwa siku kimepata maana ya mauti, wala hapakuhitajika kitu kigeni kuingizwa ndani.

Na katika Sorry, Wrong Number, iliyoanza kama mchezo wa redio wa Lucille Fletcher mwaka 1943 na kuwa filamu mwaka 1948, chombo ni simu. Leona, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, hatoki kitandani. Laini za simu zinagongana, naye anawasikia watu wawili wakipanga kumwua mwanamke fulani usiku ule. Anawaarifu wahudumu wa simu na polisi. Wanamsikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa msumbufu. Mpaka anapotambua kwamba mwanamke anayesemwa ni yeye, muda umekwisha. Chombo kilichobuniwa kuziunganisha sauti za watu kinathibitisha kwamba kusikika si kusadikiwa.

5. Anayejua na asiyesadikiwa

Filamu mbili zinalionyesha swali hili katika pande zake mbili. Ya kwanza ni Shadow of a Doubt (1943) ya Hitchcock, iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika mji wa Santa Rosa, California. Mjomba Charlie anakuja kukaa na dada yake. Mpwa wake, msichana aliyepewa jina lake, anafurahi kupita wote, na ndiye anayegundua, kwa herufi zilizochongwa ndani ya pete aliyotunukiwa, kwamba mjomba huwaua wajane kwa ajili ya mali. Tofauti na Paula, msichana huyu hakanushwi na mtu, kwa kuwa hasemi. Akisema, mama yake atavunjika moyo. Mjomba anajua hivyo, na anautumia upendo huo kama kufuli. Ngazi inakatwa, gari linaachwa likinguruma katika banda lililofungwa, na jamaa wanaziita ajali. Mjomba anapokufa, mji mzima unamzika kwa heshima, na nje ya kanisa wamesimama wawili tu wanaoujua ukweli. Siri ya mtungi muulize kata, husema Waswahili. Hapa kata imeamua kunyamaza, na filamu haisemi kama imefanya vyema.

Inafaa kukumbuka kwamba Joseph Cotten, aliyekuwa mjomba huyo mwuaji mwaka 1943, ndiye aliyekuwa Cameron, askari mwokozi, katika Gaslight mwaka uliofuata. Uso ule ule wa upole ulifaa kazi zote mbili. Kwa mtazamaji wa wakati huo, somo lilikuwa wazi: nyumba njema si mlango, wala mtu mwema si uso.

Filamu ya pili ni Rosemary's Baby (1968) ya Roman Polanski, iliyotokana na riwaya ya Ira Levin ya mwaka 1967. Wengi huiweka miongoni mwa filamu za mambo ya kishetani, na kwa hakika imo humo. Lakini tukio lake lenye taharuki kali kuliko yote halina shetani ndani yake. Rosemary, mja mzito, anakimbilia kwa Dakta Hill na kumweleza yote: mume, majirani, daktari aliyechaguliwa badala yake. Dakta anasikiliza kwa utulivu, anamwambia apumzike, naye Rosemary kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi analala. Anapoamka, mlangoni wamesimama mumewe na yule daktari anayemkimbia. Dakta Hill hakuwa mwovu. Alifanya alichodhani ni wajibu wa mganga kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa: aliwaita wenyewe. Kazi aliyoifanya Elizabeth kwa huruma, Dakta Hill anaifanya kwa taaluma.

6. Mageuzi ya 1987–1992

Mwishoni mwa miaka ya 1980 aina hii ya filamu ilirudi kwa nguvu, ila hatari ilianza kuhama. Katika The Stepfather (1987) ya Joseph Ruben ingali kwa mwanamume wa nyumbani: baba wa kambo mwenye tabasamu, mpenda familia, ambaye familia isipofikia ukamilifu anaoutaka huiangamiza na kwenda kuanza nyingine. Binti wa kambo ndiye anayemshuku. Ruben aliliendeleza wazo hilo katika Sleeping with the Enemy (1991), ambamo Julia Roberts ni Laura, mke anayejifanya amezama baharini ili amtoroke mumewe mpiga. Huko alikokimbilia, siku moja anakuta taulo za bafuni zimenyooshwa sawasawa na makopo ya kabatini yamepangwa kwa safu. Hakuna barua, hakuna damu, na Laura amesoma kila neno: mume amefika. Mtu wa tatu angeingia pale angeona nyumba nadhifu tu.

Lakini filamu iliyotikisa zaidi kipindi hiki ilikuwa Fatal Attraction (1987) ya Adrian Lyne. Ndani yake nyumba ni takatifu, mume ni mkosaji anayesameheka, na hatari ni mwanamke wa nje. Katika mwisho uliopigwa kwanza, mwanamke huyo, Alex, anajiua, na mume anakamatwa kwa kifo chake. Watazamaji wa majaribio hawakupendezwa. Ukapigwa mwisho mwingine, ambamo Alex anaingia nyumbani na kisu, na mke anamwua kwa risasi bafuni. Mabadiliko haya yanafanana na yale ya Suspicion miaka 46 kabla: katika zote mbili mwisho umegeuzwa ili mume abakie salama, na katika zote mbili ushahidi wa mwanamke fulani umegeuzwa kuwa ugonjwa.

The Hand That Rocks the Cradle (1992) ya Curtis Hanson inakwenda njia hiyo hiyo kwa kumweka yaya mahali pa adui. Walakini humo mna mhusika anayelirudisha swali la zamani. Solomon, fundi mwenye ulemavu wa akili, anamwona yaya akimnyonyesha mtoto asiye wake. Kabla hajasema, yaya anamsingizia jambo la aibu juu ya binti wa nyumba hiyo, na anafukuzwa. Shahidi aliye dhaifu kuliko wote ndiye aliyeona kwanza, na udhaifu wake ndio uliotumika kumziba kinywa. Waama, adui amebadilika tangu 1944, ila hila ni ile ile.

7. Jina la kitendo

Mnamo mwaka 1969 jarida la utabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya R. Barton na J. A. Whitehead yaliyoitwa kwa jina la tamthilia ya Hamilton. Waganga hao walieleza habari za watu walioingizwa au waliotaka kuingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa hila za jamaa zao. Baadaye jina likaingia katika lugha ya kila siku likiwa kitenzi, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ilitangaza nomino yake kuwa neno la mwaka. Sheria nazo zimeanza kukitambua kitendo, ijapokuwa hazikitaji kwa neno hilo. Sheria ya Makosa Mazito ya mwaka 2015 ilifanya kuwa jinai, katika England na Wales, tabia ya kumtawala na kumkandamiza mwenzi wa nyumbani hata pasipo kipigo. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, nayo inauhesabu unyanyasaji wa kihisia na kisaikolojia kuwa sehemu ya ukatili huo.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Anayekwenda mbele ya hakimu au ya wazee kueleza jambo hili kwa Kiswahili atatumia maneno gani? Kuhadaa na kulaghai ni kumdanganya mtu juu ya kitu kilicho nje yake: mali, bei, ahadi. Kupumbaza ni kumfanya mtu awe mjinga, na kuzuga ni kumpoteza maangalizi. Kumtia mtu wazimu ni kumsababishia ugonjwa wenyewe, ilhali Paula hakuwa mgonjwa hata siku moja. Kitendo cha Gregory ni kumfanya mwenye akili timamu aishuku akili yake mwenyewe ili asiyaamini ayaonayo. Kulitafsiri neno la Kiingereza moja kwa moja hakutafaa kitu, maana mwanga wa gesi haumkumbushi Mswahili neno lolote ila mwanga wa gesi.

Kitenzi kilicho karibu zaidi ni kughilibu, ambacho tayari kinabeba maana ya udanganyifu wa werevu unaomchanganya mtu. Kikifuatwa na akili, hutoa msemo unaonyambulika bila taabu: kumghilibu mtu akili, kughilibiwa akili, ghiliba ya akili. Faida ya kauli ya kutendwa ni kubwa. Mwanamke asemaye nimeghilibiwa akili hajakiri kwamba ana wazimu, wala hajadai jambo asiloweza kulithibitisha. Amelitaja kosa na amemtaja mtendwa, na swali linalobaki ni la mtenda. Huenda wasemaji wakachagua neno jingine lililo bora. La muhimu ni kwamba lichaguliwe, kwani kosa lisilo na jina hushitakiwa kwa shida.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba filamu za taharuki ya nyumbani hazina budi kutazamwa kando na hadithi ya upelelezi. Mvuto wake haufi fumbo linapoteguliwa, kwa sababu mtazamaji alikwisha kupewa jibu mapema; alichonyimwa ni uwezo wa kulisema. Bilauri, ufunguo, jokofu, simu na taulo ni ushahidi uliotolewa na nyumba yenyewe pale ambapo kinywa cha mwenye nyumba hakisadikiwi. Imeonekana pia kwamba anayemponza shahidi si mwovu peke yake. Elizabeth na Dakta Hill walikuwa watu wema, na kila mmoja alitenda alichoona ni cha busara.

Kwa walimu wa fasihi filamu hizi zinafaa kutumika darasani kando ya tamthilia, kwani zinaonyesha waziwazi jinsi ujuzi unavyogawanywa baina ya mtunzi, mhusika na mtazamaji, na jinsi taharuki inavyozaliwa na mgawanyo huo. Kwa wanaisimu zinadai zaidi. Cameron alihitaji kuona taa moja ikififia ndipo akamsadiki Paula. Wengi wanaoishi na mambo kama hayo hawana taa ya kumwonyesha mtu, na chombo pekee walichonacho ni lugha. Lugha hiyo iwatoshe.